Kabati Nililouziwa na Mkwe Wangu

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, Harborne yote, mtaa wetu huku ughaibuni, imegeuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Moyo wangu pia.

Nilifika kumlea mjukuu wangu Noa, wa miaka minne, kama kila Jumatano, nikakuta rafu yangu jikoni ni tupu. Unga wa chapati, mandazi, hata tambi, vyote vimesukumwa kwenye kabati moja pamoja na wiski ya mkwe wangu Adamu. Mlango umezungushiwa selotepu kama mzigo wa kupelekwa Nairobi.

Najua Pasaka yao ya Kiyahudi inaingia leo jioni, na kwamba mkate na jamaa zake wote wa nafaka, hata wiski, hawatakiwi nyumbani. Binti yangu Wanjiru alishaingia dini ya mumewe, na amenieleza mara tatu. Lakini wiki jana nilimsikia Adamu kwenye simu: mama yake anazitaka hizi Jumatano zangu.

Halafu Noa akamwaga mtama. Namvisha soksi, ananiambia kwa Kiingereza chake kwamba baba amesema vitu vya Shosho, ndiye mimi bibi yake, haviwezi kukaa hapa.

Leo vitu. Kesho mwenye vitu.

Wanjiru yuko zamu hospitalini, kwa hivyo sikuwa na wa kumuuliza. Saa nne na nusu Adamu akashuka na karatasi, kalamu na tabasamu. Nimeona mashamba ya watu yakipotea kwa vitu hivyo vitatu. Nikavaa miwani, nikasoma mara mbili.

Kumbe ananiuzia kabati. Pauni moja. Adamu alisahau kutuma fomu ya kumwachia rabi, kiongozi wao wa dini, aviuze kwa niaba yao, na kabla ya saa tano vilivyomo lazima viwe mali ya mtu asiye Myahudi. Katika nyumba ile mtu huyo ni mimi tu.

Sikushika kalamu. Nilimuuliza, "Sikukuu ikiisha, Jumatano Noa atakuwa na nani?"

Akatazama saa ya ukutani. Akasema mama yake ameomba tu, hawajaamua. Nikapuliza chai yangu, ambayo ilikuwa imepoa zamani.

"Atakuwa na wewe, Mama. Nitamwambia mama yangu."

"Mwambie sasa, mwanangu. Mimi sina haraka."

Akapiga simu palepale. Nilisikiliza mpaka mwisho, ndipo nikatia sahihi. Noa alitaka kutia yake pia, nikamwambia yeye hafai, ni Myahudi.

Kwa hivyo mimi, mwenyekiti wa akina mama kanisani, leo ni mwenye chupa tatu za wiski.

Nimeshinda? Sijui. Mtu aliyekubali huku akitazama saa anaweza kukataa saa ikishapita.

Baada ya siku nane, sikukuu ikiisha, atakuja kuomba kununua vitu vyake tena. Nitamuuzia, mimi si mtu mbaya. Lakini kwanza nione Jumatano moja nzima ikipita, Noa akiwa mapajani mwangu.