Mwalimu Wekesa Alivyoogeshwa Akiwa na Suti

Sasa Wambui!

Hamjambo hapo Buruburu? Leo kwaya yetu imetembezwa kwenye jumba la tajiri wa zamani sana, huku mashambani Italia. Bustani imejaa sanamu za watu uchi. Mwalimu Wekesa akatuamuru sisi akina mama tutazame chini, kisha yeye akaketi kwenye benchi la mawe azitazame vizuri.

Mzee mtunza bustani akanikonyeza na kunionyesha mfereji nyuma ya kichaka. Kiitaliano sijui, lakini mkono wake ulisema fungua, nami nikafungua. Kumbe benchi lina matundu! Maji yalimrukia Mwalimu kutoka chini, naye akaruka akipiga mayowe kwa Kibukusu.

"Nani amefungua?"

"Labda ni hawa walio uchi, Mwalimu," nikamjibu.

Akanikazia macho, halafu akacheka hadi akaketi tena palepale, maji yakiendelea kumwogesha.

Suti alikuja na hiyo moja tu. Sasa hivi anakula tambi mbele yangu akiwa amejifunga leso yangu ya maua, na ameniita "dada" kwa mara ya kwanza. Ukimwona mkewe kanisani, nyamaza kabisa. Nataka kumsimulia mwenyewe.

Nakuwaza sana. Nikumbatilie watoto.

Wako,
Nekesa