Nzuri, Ila

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, mkeo hajambo, na wajukuu zangu wanakula na kusumbua kama kawaida. Mimi mzima, ila goti la kushoto limegeuka mtabiri wa hali ya hewa. Likiuma tu, mvua hiyo.

Jana nilijikongoja hadi duka letu la huku, analosimamia dada yako. Nilifuata sabuni tu. Unamkumbuka yule binti wa friza za nyama, anayevaa sweta zito mwaka mzima mpaka wateja wanamtania? Jana alikuwa na blauzi ya mikono mifupi. Chini ya friza ya mwisho wametandaza magunia, na aiskrimu za watoto zimepinda kama viatu vikuukuu. Zimeyeyuka zikaganda tena, hilo halihitaji mganga.

Nikamuuliza dada yako. "Hakuna shida, Mama," akasema, na kuendelea kupanga makopo. Pilipili huyo! Mtoto tuliyempa jina hilo kwa sababu hakuna neno lililowahi kulala mdomoni mwake. Kunyamaza kwake kumeniogopesha kuliko friza. Itazame hiyo mashine mapema. Usipoziba ufa, malizia mwenyewe.

Mama yako

25 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na pole kwa goti. Sisi hatujambo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nahangaikia kufungua duka la sita.

Mama, wewe ulikuwa na maduka mawili, ukiyazungukia kwa miguu. Mimi siwezi. Kila asubuhi meneja wa kila duka ananitumia alama kwenye simu: kijani kama mambo ni shwari, nyekundu kama kuna tatizo. Duka likimaliza mwezi bila nyekundu, wafanyakazi wake wanapumzika Jumamosi moja, na kombe linahamia kwao. Duka la Pilipili ni kijani mwezi wa pili mfululizo! Kombe liko kwake. Huyo binti labda alisikia joto tu.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti ni lile lile.

Kombe nimeliona. Wameliweka juu ya friza mbovu.

Hebu niambie, nani atakutumia nyekundu awanyime wenzake Jumamosi yao? Zamani nikiingia dukani nauliza, "Habari za hapa?" Wananijibu nzuri. Hakuna aliyewahi kunijibu vingine, hata siku paa lilipoezuliwa na upepo. Ndiyo adabu yetu. Basi nilikuwa nakaa juu ya kreti la soda, nanyamaza. Mtu akishasema nzuri, ukimpa nafasi, ataleta "ila" yake. Nzuri, ila mizani imeanza kudanganya. Nzuri, ila dereva wa mikate anakuja amelewa. Mimi maduka yangu niliyaendeshea kwenye hiyo ila. Kijani chako kinamkata mtu maneno kabla hajafika hapo.

Juzi nilimkalia dada yako jikoni hivyo hivyo. Alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema, "Kaka atanicheka tena." Ulimcheka lini?

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Naandika mbio mbio, duka jipya linafunguliwa wiki ijayo.

Sikumcheka, nilimtania. Wiki moja alituma nyekundu mara tatu, basi kwenye kikao cha mameneja nikasema duka la Pilipili linawasha kila siku. Watu walicheka, hata yeye alicheka. Nitamtuma fundi tukishamaliza uzinduzi. Usijali.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Jirani yangu wa nyumba ya pili alinunua kuku dukani kwetu. Watoto wake wawili wametapika mpaka wakalazwa. Mkubwa amerudi nyumbani, mdogo bado yuko kwenye dripu. Maofisa wa afya wamelifunga duka. Nimekwenda kumwona mama yao hospitalini, akanipisha kiti nikae, na hicho kiti kimenichoma.

Dada yako amejifungia chumbani. Kumbe alimleta fundi kwa siri mara mbili, friza ikawa inapona kwa siku chache tu. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu alifundishwa kuficha. Amesema ukija ataondoka, kwa hiyo usije kwanza. Mpigie simu. Na ukimpigia, nyamaza.

Mama yako

14 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nimefurahi kusikia mtoto wa jirani ametoka hospitali. Nimemwandikia mama yake kumwomba radhi. Hajajibu, na ana haki.

Nilimpigia Pilipili. "Habari za huko?" "Nzuri." Nikanyamaza. Akakata simu. Kesho yake vile vile. Juzi nikanyamaza tena, nikamsikia anavuta pumzi. "Nzuri," akasema, "ila nakuogopa, kaka. Tulipokuwa wadogo sikukuogopa hata ukinifukuza na fimbo. Nimeanza ulipokuwa bosi." Nililia, Mama, karani wangu akiniangalia.

Alama za simu nimezifuta. Kombe nimelitupa. Sasa nayapigia maduka mwenyewe na kungoja. Duka la nne: nzuri, ila mlango wa dharura umezibwa na magunia ya mchele. Duka la pili: nzuri, ila friza yao nayo inavuja tangu mwezi uliopita. Ningefungua la saba nikiwa kipofu. Wewe uliniambia mapema, na mimi nikakujibu habari za kombe. Nisamehe.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nimekusamehe. Mimi mzima.

Mama yako

24 Mei

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mpaka mke wangu ameninyang'anya. Hukuwaulizia wajukuu. Hukunitania. Goti hukulitaja. Umeandika u mzima, ukaishia hapo.

Nimempigia Pilipili, nikauliza habari zako. "Nzuri," akasema. Nikangoja. Akaanza kulia, akasema huamki kitandani, na umemkataza kuniambia.

Barua hii siipeleki posta, itachelewa. Naikunja mfukoni, nakuja nayo mwenyewe. Pilipili amesema nije. Nikifika nitakuamkia, nitauliza habari, na wewe utanijibu nzuri. Halafu nitavuta kreti karibu na kitanda chako nikae. Sina haraka ya kwenda popote, Mama. Nitangoja.

Mwanao