Chania Inapita Mlangoni Pako

Duka la Vitabu la Murugi,
S.L.P. 62,
Nyeri.
20 Julai 1971

Mpendwa Shangazi Waithira,

Hamjambo huko Ngao? Mzee Jilo mume wako anaendeleaje, na ule mguu wake umepoa? Watoto je? Nakuandikia kwa Kiswahili kama kawaida ili nao wasome, maana ulisema Kikuyu wanakijua cha kuitikia salamu tu. Sisi hatujambo, ila baridi ya Julai imetushika barabara. Mlima hatujauona tangu mwezi uanze. Ukungu unashuka asubuhi na kukaa hapa mjini kama mgeni asiyeaga.

Barua hii usiisome mbio, Shangazi. Kaa chini, jimiminie chai. Nina jambo, na nisipolianzia mbali halitaeleweka.

Duka langu hujaliona bado. Mbele nimepanga vitabu vipya vya shule, hivyo ndivyo vinavyonilisha. Nyuma ndiko kwangu. Wazungu wa upande wa Nanyuki wakiuza mashamba na kurudi kwao huacha vitabu kwa masanduku, nami huvichukua kwa bei ya kuni. Karibu vyote ni vya mito, misitu na maisha ya shamba. Watu hawa walikuwa na mto chini ya nyumba zao na bado wakakaa kusoma mito mingine. Vinanuka tumbaku na moshi. Mvua ikinyesha na wateja wakikosekana, nafungua kimoja, na kitambo kidogo niko ukingoni mwa mto nisioujua jina, majani mekundu yanaanguka majini, kuna mtu anavua samaki na hana haraka na dunia. Mteja akibisha nashtuka. Mama anasema nitakuja kumuuzia mtu duka zima nikiwa usingizini.

Huko nyuma ndiko nilikompata Philemon Wandera, au yeye ndiye aliyenipata. Ni mtu wa idara ya maji, kazi yake ni kuteremka mitoni na kusoma kina cha maji. Kwao ni Bunyala, pale Nzoia inapoingia ziwani. Hebu fikiria, mtu anashinda mtoni kutwa, kisha jioni anakuja kununua mto mwingine. Nilimcheka. Akaniambia, "Niko na mito mingi ya kazi, lakini ya kupumzikia sina hata mmoja." Basi akawa anarudisha kitabu kimoja na kuchukua kingine. Siku aliyorudisha akaketi bila kuchukua, nilijua kwamba hakuja kwa ajili ya vitabu, nami nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa na watoto wanasoma.

Furaha hiyo ilikuja na hofu yake, nawe ndiwe unayeijua, kwa sababu wewe ndiwe uliyepita njia hii kwanza. Nilikuwa mdogo, lakini nayakumbuka maneno ya baba siku watu wa Mzee Jilo walipoleta pombe. Alisema hatakunywa pombe ya watu wanaokula nyoka wa maji, maana kwetu wazee samaki huwaita hivyo na hawamgusi. Alisema dada yake akienda huko hatalima tena udongo wa baba yao. Tangu siku hiyo jina lako halikutajwa nyumbani, na barua zako nazipokelea dukani. Kwetu unajua ilivyo: baba asipokunywa, binti hakuolewa, amepotea tu. Nilimtaka Wandera, Shangazi, na baba yangu pia nilimtaka.

Sasa, siku za soko baba hushuka kutoka nyumbani Giakanja na kuja kuota moto huku nyuma. Mwanzoni alikuwa akinung'unika tu, ati watu wananunua mto na Chania inapita pale chini bure. Wandera hakubishana naye. Alichukua kitabu kimoja kuukuu, cha mzee aliyefuata mto kwa miguu kutoka chemchemi hadi baharini, akawa anamsimulia kidogo kidogo. Baba alifumba macho akijifanya amelala. Soko lililofuata, kabla hajavua hata kofia, akauliza, "Yule mzee amefika wapi?"

Hivyo ndivyo tulivyoumaliza msimu wa mvua. Siku mzee wa kitabu alipofika baharini, baba alikaa akiutazama moto, kisha akauliza, "Na Chania nayo huenda wapi?"

Wandera akaenda mbele akaleta kitabu kipya cha shule chenye ramani. Akaweka kidole. Chania ikaingia Gura, Gura ikaingia Sagana, Sagana ikawa Tana, na kidole kikazunguka mlima, kikashuka kule kwenye nchi kavu, polepole, mpaka kikasimama. "Hapa panaitwa Ngao," akasema. Nilikuwa nimemweleza habari zako, lakini sikujua kama angethubutu.

Baba aliuliza maji ya huko yana rangi gani. Wandera akamwambia ni mekundu, kwa udongo wa huku kwetu, na mto ukifurika huumwaga udongo huo mashambani, na watu hulima humo. Mvua ilikatika juu ya mabati. Ndipo akasema, kama anayejisemea, "Kumbe Waithira analima udongo wa baba yetu." Akachukua kofia yake akaenda zake.

Juzi Jumamosi ndugu za Wandera wakaja nyumbani na pombe. Mama yake, Gaudencia, alisafiri kutoka Bunyala na kikapu magotini. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka alipokifungua mbele ya wazee. Kwao wakwe wa heshima hupewa samaki, basi alileta wakubwa, waliokaushwa kwa moshi, na vichwa vyao. Mzee Ngatia, rafiki ya baba, alivuta kiti nyuma. Mama yule maskini alitazama nyuso zote, asijue amekosa nini. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Baba aliinama juu ya kikapu. "Hawa ni wa mto gani?"

"Nzoia, baba," Wandera akajibu.

"Wa Tana wanafanana na hawa?"

"Wanafanana."

Akamega kipande akatia mdomoni. Alitafuna uso umekunjamana kama mtoto anayepewa kwinini, akameza. "Wana miiba," akawaambia wazee, "lakini si nyoka."

Kisha pembe ikajazwa muratina, ile pombe waliyoileta, nikapewa mimi. Baba akaniuliza mbele ya watu wote, "Murugi, niinywe?" Nilionja, nikampa kwa mikono miwili, nikasema, "Kunywa, baba." Alikunywa nusu akasimama. Tukaogopa tena. Akaagiza kibuyu, akamimina humo pombe iliyobaki, akakiziba vizuri. Akasema, "Hii ni ya dada yangu Waithira. Mwandikie aje na mume wake, nimuulize lile swali nililokataa kumuuliza."

Ndiyo sababu ya barua hii, Shangazi. Nimelia nikiiandika.

Mama yangu, Watiri, anakusalimu na anasema shuka zako bado ziko kabatini. Wandera anamsalimu Mzee Jilo. Wape watoto mkono mmoja mmoja. Mungu awalinde mafuriko yakija, na barabara iwe kavu siku mtakayoondoka.

Nimemwambia baba muratina haikai, itachacha kabla hujaipata hata barua. Amesema ikichacha atapika nyingine, na nyingine, mpaka ufike.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Murugi wa Kihara