Mikono Mirefu kama ya Mchungaji

Same, Jumamosi

Krr, krr, krr. Kucha zangu kwenye kiwiko, katikati ya sala ya shangazi. Alisema amina, akafumbua jicho moja. "Mwanangu, ni wewe, au panya kaingia kwenye mahindi?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, huku uso ukiniwaka kwa aibu.

Soriasisi yangu, ugonjwa huu wa ngozi, haiambukizi, na shangazi anajua; makande tunakula naye sahani moja. Kosa ni langu. Wiki nzima sikupaka mafuta baada ya kuoga, nikiogopa kila ninapolijaribu yatachafua gauni la kitenge la mikono mirefu nililoshonewa kwa sendoff ya kumuaga dada kabla ya harusi. Upepo mkavu wa Same ukamalizia kazi. Msomi mzima mimi!

Naogopa picha. Naogopa wakwe watatazama viwiko vyangu badala ya bibi harusi.

"Wenzako wote mikono mifupi, wewe peke yako mirefu kama mchungaji," shangazi alisema, akinipaka mafuta mwenyewe. "Utahubiri nini?"

Jioni nilirudisha gauni kwa fundi. Ameshakata mikono juu ya kiwiko, na vipande nimemwachia.