Siku Ulipobeba Kompyuta Kariobangi

Mpendwa kaka Wekesa,

Kuku wako wa Krismasi amefika salama kutoka Bungoma, pamoja na barua yenye maneno yako yale yale ya mwaka jana: "Mwambieni dada yangu, bila yeye singekuwa hai." Mama aliyasoma kwa sauti mbele ya wageni. Mimi nilijifungia bafuni hadi sala ya chakula ikaisha. Siwezi tena, kaka.

Unakumbuka wazimu wako wa ule mchezo wa kuwapiga mashetani risasi? Waliouunda walipoutoa msimbo wake, yaani maandishi yanayouendesha, bure kwa kila mtu, ulirudi nyumbani mtaani Tena ukicheka peke yako njiani. Tulitaka mashetani wawe umati, na mchezaji awe mwizi anayekimbizwa. Nyuso tulizibadilisha bila shida. Lakini kuwafanya waokote mawe na kurusha kulihitaji kompaila, ile programu ya kugeuza maandishi yetu kuwa mchezo unaochezeka. Mimi ndiye niliyedai damu iruke hadi ukutani.

"Wewe msichana una roho mbaya," ukaniambia, tukacheka hadi Mama akatufukuza mezani.

Kompaila ya bure aliyokuwa nayo fundi wa kompyuta wa Kariobangi ilijaa diski sita. Nyumbani diski ya nne ikakataa kusomeka. Ukairudisha, akainakili upya, ikakataa tena. Mara ya tatu akakuambia, "Boss, shida si diski, ni mashini yako. Si uilete tu hapa niiwekee mwenyewe?" Basi Jumamosi ile mchana ukaifunga kompyuta kwa shuka la Mama, ukaitia begani, ukashika njia kwa miguu.

Hukuwa na kosa. Mvua ilianza kunyesha ukiwa katikati ya soko, ukaogopa kompyuta isilowe, ukakimbia. Kijana anayekimbia na mzigo uliofunikwa! Mtu mmoja alipiga yowe, "Mwizi!" na hilo likatosha.

Nilikuwa sokoni humo humo, kwenye kibanda changu cha mitumba. Wiki hiyo wezi walikuwa wameniibia makoti ya watoto, na hasira ilikuwa bado haijaniisha. Sikuuliza ni nani. Niliokota jiwe kama wenzangu, nikalenga kichwa, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Hapo hapo ukageuka. Nilikuona ukishika jicho, damu ikichuruzika katikati ya vidole, shuka likifunguka na kompyuta yetu ikipasuka barabarani. Nililijua shuka kabla sijakujua wewe.

Nikajitupa juu yako. "Wacheni! Ni ndugu yangu! Hiyo kompyuta ni yake!" Walinikanyaga mgongo. Rungu likanivunja mkono. Mtu akaita, "Leteni tairi tumchome!" na wengine wakaitikia kwa furaha, mpaka fundi alipokuja mbio akiwaapia kwamba anakujua. Hayo ndiyo unayowasimulia watu, na ni kweli tupu. Ya kabla yake huyajui, kwa sababu hukumwona aliyerusha.

Tangu ukimbilie Bungoma umeapa hutakanyaga Nairobi tena, kwamba watu wa Kariobangi ni wanyama. Mama magoti hayamruhusu kusafiri, na kila siku anauliza utakuja lini. Nimemwacha akilaani soko zima karibu miaka miwili, nami nikiitikia. Kaka, jicho lako la kushoto nililitoa mimi. Si umati. Ni mimi, kwa mkono wangu.

Naona aibu, na kila unaponishukuru naumia upya. Ukiwasimulia tena jinsi dada yako alivyokulalia kukukinga, anza na jiwe. Mama bado hajui. Nataka asikie ukiwa umekaa karibu naye, kwa hiyo njoo. Nichukie, nitukane, nipige mbele yake ukitaka, sitainua mkono.

Lakini njoo.

Ni mimi, dada yako