Nani Humtwisha Mwanaanga?

Dada Rehema, shikamoo. Newala kuna ukungu na baridi ambayo hukunionya kuihusu.

Leo nimewaonyesha wanafunzi video ya mwanaanga akikamua kitambaa kilicholowa. Maji hayakudondoka, yalimganda mkononi kama utomvu. Nikawaeleza kwamba ndani ya chombo chake hata ndoo iliyojaa haimwelemei mtu.

Somoe, ambaye hupandisha maji mlimani kila siku, akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, hahitaji mtu wa kumtwisha?"

"Hahitaji."

"Maskini! Sasa anaongea na nani?"

Jioni nilisimama bombani na ndoo yangu, nikingoja apite mtu. Hakupita. Nikamwaga maji nusu, nikajitwika mwenyewe.

Mungu aitunze mikono yako iliyonitwisha miaka yote, dada.

Mdogo wako,
Tatu