Kasanduku ka Kurudisha Sauti ya Laban

Kwa Egesa, Lunyo,
Posta ya Tororo,
Uganda.
14 Septemba 1969

Mpendwa mwanangu Okochi, ambaye kwa jina ni baba yangu mzazi,

Salamu mingi kama inzi wa soko la Busia siku ya samaki. Habari ya huko London? Habari ya mwili, habari ya kazi ya gereji, habari ya hiyo baridi? Mildred mkeo hajambo? Kama amenenepa mwambie nimefurahi, kama amekonda mwambie arudi, huku muhogo upo.

Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto linalia kila mvua ikikaribia, lakini la kulia bado ni la kijana, kwa hiyo nusu yangu inaweza kuoa tena. Usimwambie mama yako mdogo Benedeta, hata kidogo. Mama yako mzazi Taaka anakula vizuri, analima, lakini maneno yake yamepungua.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Usicheke herufi. Wewe ulisomeshwa na mapadri, mimi nilisomeshwa na mifuko ya simenti pale kiwandani Tororo. Nilibeba mingi mpaka maneno yake yakaingia mgongoni, na kutoka mgongoni yakapanda kichwani. Siku zote karani wa kanisa ndiye ananiandikia. Leo sikumwita, kwa sababu ndani kuna neno moja sitaki lipite sikio la mtu mwingine kabla halijafika kwako. Utalikuta mbele. Usiruke mistari kulitafuta, nakujua.

Barua yako ya Agosti nimeisoma siku tatu. Unasema umeona dukani tusanduku tuwili twa kukanyaga kwa mguu, ukiunganisha gitaa ya umeme tunapasua sauti. Nilimwambia Benedeta, wazungu wameendelea. Sisi kitu kikipasuka tunashona, wao wanakwenda dukani kununua mpasuko. Benedeta akasema basi wangekuja kununua sufuria zake.

Unaniuliza tuchague kapi. Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Marehemu baba yako, kaka yangu Laban, alikuwa akisema alijifunza gitaa peke yake, lakini ni mimi nilimfundisha. Mimi nilipiga gitaa kavu pale Majanji mpaka viboko wakatoka majini wakasimama mstari kama watu wa kodi. Aliyeona ni Ochen, na Ochen amekufa, kwa hiyo itabidi uniamini.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaninyima usingizi. Lumbe ya baba yako, siku ya kumaliza msiba, imewekwa tarehe ishirini Desemba. Wewe huwezi kufika, tumeelewa, kazi ya watu ni kazi ya watu. Mkuki na kigoda cha baba yako, vya urithi, vitakungoja. Lakini nyimbo yake lazima ipigwe siku hiyo, na gitaa yake, mbele ya mlango wake. Tukamwita Ofwono wa Kirewa, ndiye mpigaji anayebaki baada ya sisi wakubwa. Jumapili iliyopita akaja kujaribu. Tukaweka betri ya lori, tukaweka spika uani, watu wakakaa.

Ofwono mikono yake haina kosa. Akapiga mwanzo mpaka mwisho. Mama yako alikuwa anachambua mahindi, hakuinua uso. Alipomaliza akamwuliza:

“Mwanangu Ofwono, huyo ni nani unampiga?”

“Ni nyimbo ya mzee, mama.”

“Nyimbo ni yake. Sauti si yake. Hiyo ni sauti ya redio, na mimi sikuolewa na redio. Kama ni hiyo, lumbe itapita na ngoma tu. Gitaa ikae kwenye msumari wake.”

Mimi na mdomo wangu nikarukia, “Shemeji, kufa kunabadilisha sauti ya mtu.”

Hakucheka hata kuku. Akaniambia, “Egesa, wewe tutakuzika Jumatatu, mdomo tutauzika Jumanne.”

Halafu akaingia ndani. Sasa ndiyo hivyo, Okochi. Laban bin Okochi, mtu ambaye watu walimfuata kwa miguu kutoka hapa mpaka Nabuyoga, atamalizwa bila gitaa, kama mtu ambaye hakupiga kitu maisha yake yote. Na aliyeleta hayo ni mimi.

Nianze na ile spika ya baba yako. Mwaka wa uhuru tulikuwa tunatoka kwenye harusi Nabuyoga, nimeifunga nyuma ya baiskeli yangu. Kwenye bonde la matope nikaanguka. Hapana, baiskeli ndiyo ilianguka, mimi niliifuata tu. Pampu ikaingia katikati ya ile karatasi nyeusi ya spika, ikaipasua kutoka katikati mpaka ukingoni. Nikajua leo baba yako ataniua. Kumbe Jumamosi akapiga nayo hivyo hivyo hapa Lunyo, na ile sauti ilitoka na mkwaruzo, inanguruma kama nyuki ndani ya kibuyu. Wazee wakashika vinywa. Ilikuwa litungu, kile kinubi cha babu yako! Ule mlio wa nyuzi zake, wenye mchanga ndani, uliokufa na yule mzee ambaye wewe unabeba jina lake. Toka siku hiyo watu walikuwa wanasikia mlio mmoja tu kutoka ng’ambo ya shamba, wanasema, Laban huyo.

Nikamwambia kaka, tuipeleke kwa fundi. Akasema acha. Kila mwaka nasema, kila mwaka anasema acha. Mimi niliona ananihurumia, kwa sababu ni mimi niliyeitoboa, hataki nione haya. Miaka mitano nilifikiri hivyo. Ndiyo akili yangu, Okochi, ile inayojisifu.

Halafu mwaka wa sitini na saba kifua kikamlaza hospitali Tororo miezi miwili. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Unajua mama yetu alitulea na sheria moja: mgonjwa akirudi nyumbani asikute kitu kilichovunjika. Chungu chenye ufa kinatupwa. Kigoda kinachocheza kinapigwa msumari. La sivyo ugonjwa unapata mlango. Tukasikia anatoka Ijumaa. Benedeta akakandika ukuta, mama yako akatupa vyungu viwili, mimi nikashona paa. Nikazunguka nyumba yote kutafuta kitu kimoja kilichobaki na ufa. Nikaona spika.

Nilivuka nayo mpaka upande wa Kenya, kwa Erastus fundi wa redio pale Busia. Akatoa karatasi ya zamani yote, akaweka mpya, safi, nyeusi kama nguo ya padri. Nikarudi naimba njiani.

Baba yako alifika mchana. Akakaa kwenye kigoda, akachukua gitaa kabla ya kuomba maji. Akapiga ubeti mmoja. Akaacha. Mama yako alikuwa kisimani, tulikuwa wawili tu.

“Egesa, nani ameponya spika?”

“Mimi, kaka. Sasa inaimba kama ya Nairobi.”

Akashusha gitaa magotini. Akasema, “Umenitoa sauti mimi ningali hai.”

Na mimi nilijibu nini? Nilicheka. Nikamwambia, “Mmepona pamoja, wewe na spika, sasa mtaoana.” Hiyo ndiyo niliyomjibu ndugu yangu.

Akatundika gitaa kwenye msumari. Siku ya pili nikakimbia kwa Erastus kuomba ile karatasi ya zamani. Alikuwa amewashia jiko. Baba yako aliishi miezi minane tena na hakuigusa gitaa. Watu walisema ugonjwa umekula vidole. Mama yako anasema hivyo mpaka leo, na mimi nikikaa hapo naitika kwa kichwa. Hilo ndilo neno nililokuambia. Sasa umelikuta.

Baada ya maneno ya mama yako Jumapili, Jumatatu nilichukua wembe nikaichana ile spika mpya mahali pale pale. Ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu ikanyamaza kabisa. Kumbe pampu ya baiskeli ina ufundi kuliko mimi. Nikairudisha kwa Erastus. Akaniuliza, “Mzee, mwaka juzi uliniletea niponye, leo umeiua. Wewe ni daktari au ni mchawi?” Nikahesabu pesa. Ameiponya tena. Inaimba kama redio.

Kwa hiyo tumebaki na tusanduku twako. Tuchague kwa akili.

Kale ka pembe, yaani kenye kona, umesema kanavumilia joto, lakini sauti yake inauma, kama msumeno unapita kwenye msumari. Kale ka mviringo sauti yake ni nene, ina vumbi, inanguruma chini, lakini mwenye duka amekuonya kakipata joto kanakabwa koo na sauti inakatika. Wewe umeegemea kale ka pembe kwa sababu ya jua letu. Mimi pia siku ya kwanza nilisema ka pembe. Desemba yetu unaijua, hata mjusi anatafuta kofia.

Lakini siku ya pili nikakumbuka jambo. Baba yako kwenye ule ubeti wenye jina la mama yako, alikuwa anapunguza mkono. Akipiga pole, spika haikukwaruza, ilisema wazi kama mtu anamsemesha mtoto. Akirudisha nguvu, nyuki wanarudi. Ile ya kukwaruza wakati wote haikuwa yake. Sasa soma tena barua yako mwenyewe: umesema kale ka mviringo, ukipunguza sauti kwenye gitaa, kanatulia. Ka pembe hakatulii, kanauma tu mpaka mwisho. Basi ni ka mviringo.

Hata hivyo usininunulie kwa maneno yangu tu. Rudi dukani. Mwombe mwenye duka akuunganishie, ampe mtu mwingine apige, polepole, zile waya nene za gitaa, kama mtu anabisha hodi. Wewe geuka utazame ukuta. Ukicheka, si kenyewe. Ukisikia unataka kumwita mtu, lipa utoke. Tuko watatu tu duniani tunaoijua ile sauti vizuri: mama yako, mimi, na wewe uliyelala chini ya ile spika ukiwa kijana. Mama yako hawezi kuja huko. Sikio langu umeona kazi yake. Limebaki lako.

Betri usihangaike, umesema ni ile ya redio ndogo, Erastus anazo. Tuma kwa ndege, meli itafika tumeshakula ng’ombe. Na kwenye karatasi ya forodha andika ni chombo cha muziki. Ukiacha wazi, askari wataona chuma na waya, watanifunga mimi, na jela yao haina mtu wa kucheka utani wangu.

Sasa joto. Nimefikiri mtungi. Ule mtungi mkubwa wa maji wa mama yako, kwenye kona ya nyumba, chini yake pana baridi hata saa nane mchana. Kasanduku kakae hapo asubuhi yote, kamefunikwa kitambaa kikavu. Nyimbo ni moja tu. Ofwono akiwa tayari, kanatoka, kanapiga, kanarudi. Joto halitapata nafasi ya kukakaba.

Lakini mtungi ni wa mama yako, na hakuna mtu anaweka kitu kando ya mtungi wa Taaka bila kuulizwa. Ataniuliza ni kitu gani. Nikisema ni cha kurudisha sauti ya Laban, ataniuliza sauti ya Laban ilikwenda wapi. Nimezunguka hili swali kama mbwa na kamba yake. Hakuna njia ya kupita pembeni. Kwa hiyo kesho asubuhi nakwenda kumwambia. Na wewe nimekuambia leo. Wewe ni mwanangu, lakini pia ni baba yangu kwa jina, kwa hiyo una haki mbili za kunigombeza. Tumia zote.

Benedeta anakusalimu, anauliza kama huko kuna unga wa wimbi. Ofwono anakusalimu. Erastus anasalimu kutoka ng’ambo. Shangazi yako Nereah anasema usisahau kanisa. Mpe Mildred mkono wangu, ule safi.

Mungu akupe kivuli mahali pa jua na jiko mahali pa baridi, na akulinde na watu wenye kutengeneza vitu bila kuulizwa.

Ni mimi nikupendaye mpaka kwenye meno yaliyobaki,
Baba yako mdogo,
Egesa

18 Septemba. Barua haijatoka, nimeifungua tena. Nilikwenda kwa mama yako Jumatatu. Nilimwambia yote, hata habari ya kasanduku na mtungi, nimesimama, bila utani hata mmoja. Alichukua jembe akaenda shambani, na toka siku hiyo nikimsalimu anaitikia kuku, si mimi. Chakula anampa Benedeta aniletee. Sijui kama ataniambia neno kabla ya Desemba, sijui kama ataniambia tena.

Lakini leo asubuhi nilipita kuchukua betri, yeye hayupo. Kwenye kona pale mtungi umesogezwa kidogo, pamefagiliwa. Chini ya mtungi iko kata yake, ile pete ya majani ya mgomba ya kuukalisha. Kando yake, Okochi, amesokota kata nyingine mpya, ndogo, ya mviringo, na juu yake hakuna kitu.

Nunua ka mviringo.